Bin Salvör

Nimekunjua karatasi ya ukutani, upande wake mweupe,
juu ya meza ya jikoni kwa shangazi Oddný,
nikazibana pembe kwa birika, kopo la sukari,
sahani ya samaki mkavu na kiwiko changu.
Nje theluji ya Machi inapiga kioo kama mchanga.
Jumamosi ukoo unakutana ukumbini, watu mia na ushee,
na mimi, mwalimu wa hesabu, nimejitwisha
kuuchora mti.

Mti! Nchi yenyewe haina miti.
Vichaka vyetu vinafika magotini,
vinatambaa ubavu kwa ubavu vikiukwepa upepo.

Nilianza vyema. Salvör kwenye kisanduku,
mistari miwili sambamba hadi kwa Ketill, ndiyo ndoa,
na chini yao Steinvör binti Ketill, Ormur bin Ketill.
Kisha Ketill akavuka mto wa barafu juu ya farasi wa kijivu
na farasi akarudi peke yake.
Nikaweka msalaba mdogo. Rula ikasogea kulia.

Mume wa pili: Brandur, seremala, sauti nzuri.
Jófríður binti Brandur, miezi minane.
Jófríður binti Brandur.
Nikadhani nimerudia, nikashika kifutio.
"Acha," shangazi akasema. "Ni wawili.
Wa pili alipewa jina la wa kwanza
lingali na joto."

Brandur akapanda meli kwenda Kanada kutafuta shamba,
akapata shamba, akapata na mke,
wala talaka haikuletwa hata kwa posta.
Huu nauchoraje? Mstari uliokatwa? Uliopinda?
Kuna watoto watano huko, na wajukuu wanaoniandikia
kuuliza kama tuna picha ya babu akiwa kijana.
Tunayo. Salvör aliikata kwa mkasi wa kunyolea kondoo.
Kilichobaki cha Brandur ni mkono
begani mwa mkewe.

Halafu Eyvindur, mgane, aliyekuja na wanne wa marehemu,
na baada yao Oddný, huyu anayenisukumia samaki nile.
Wale wanne, nikasema, hawana tone la damu ya Salvör,
watakaa pembeni.
"Na nani aliwatoa chawa?" akauliza shangazi.
"Basi chora mstari wa chawa."
Nikauchora. Umepita katikati ya ndoa mbili
na umeharibu kila kitu.

Nimeliruka jambo moja.
Kati ya mume wa pili na wa tatu,
miaka ambayo Salvör hakuwa na mume ndani,
yuko Hallur. Baba yangu.
Katika daftari la kanisa mchungaji ameandika:
Hallur bin Salvör.
Bin, kisha jina la mama.
Wino hapo umekolea, kana kwamba kalamu
ilisimama kidogo ikingoja.

Kanuni naijua: nukta nukta, kwa baba asiyejulikana.
Nikazitia, moja moja, kwa rula.
Shangazi akazitazama kama mtu ahesabuye mishono iliyofumuka.
"Kitanda hakizai haramu," akasema,
"na baba yake alijulikana.
Ndiye aliyeshika kalamu."

Samaki akanikwama kooni.
Miaka tisini na minane, na kijiji kizima kimetafuna kimya.
Jumamosi mjukuu mwingine wa mchungaji
ndiye atakayetuombea chakula.

"Nimwandike?" nikauliza.
Oddný hakujibu. Aliinua birika animiminie kahawa,
nami nikainua kiwiko kupokea kikombe,
na karatasi, iliyozoea kuwa gombo,
ikajikunja yenyewe kutoka kulia:
waume juu ya waume, Jófríður uso kwa uso na Jófríður,
Kanada juu ya zizi letu,
na zile nukta zangu, penseli ingali laini,
zikaacha alama hafifu kwenye jina
ambalo hata sikuwa nimeliandika.